Hajafa, Hajaonekana

Wengi wenu mnaosoma kurasa hizi mnaijua Tunduma kupitia dirisha la basi, na mlichokiona ni malori. Sikatai. Malori yapo, na siku foleni ikikaza yanapangana kutoka mpakani hadi Chapwa, ikizidi yanafika Mpemba, madereva wamejikalia chini ya matela wanasonga ugali. Lakini mimi niliyekulia Majengo nina jingine la kuwaambia. Hapa kwetu mtu hapotei, anavuka. Nakonde ya Zambia iko pale tu, hatua chache. Unaweza kununua sukari huku ukanywea chai kule. Mtu ana laini mbili za simu, kwacha mfuko huu na shilingi mfuko ule, na wengine, msije mkanishika shati, wana majina mawili pia. Sensa ya 2022 ilihesabu watu zaidi ya laki mbili katika mji huu. Hao ni wale waliolala upande wetu usiku wa kuamkia tarehe 23 Agosti. Aliyelala Nakonde si wa sensa yetu.

Basi leo nataka kuandika juu ya hesabu. Najua mmeshaanza kuguna, maana sisi tunaojiita waandishi tuna kaugonjwa ka kudhani hesabu ni adui wa hadithi. Mtu akipata F ya hesabu kidato cha nne anajitangaza mshairi. Mimi yangu siitaji. Nilitoka shule nikanunua kaunta buku tatu nikaanza riwaya, na riwaya yenyewe inamhusu mama yangu mdogo, ambaye nitamfikia.

Mwaka 2023 nilipata kibarua cha miezi mitatu katika utafiti mmoja wa afya. Jina lake naliacha, tulitia saini karatasi za siri. Kazi ilikuwa kutafuta watu. Kliniki zinazotoa dawa za kupunguza makali ya Virusi vya UKIMWI zina wagonjwa wanaoanza dawa vizuri, kisha siku moja hawaji, na mwezi unaofuata hawaji. Kwenye daftari wanaitwa watoro, neno ambalo sikulipenda tangu siku ya kwanza, kwa sababu kwangu mtoro ni mwanafunzi. Dodoso letu lilikuwa kwenye kishkwambi, na mwisho wake kulikuwa na majibu manne ya kuchagua: yu hai na anatumia dawa kwingine, yu hai na ameacha dawa, amefariki, hajulikani alipo. Unabonyeza moja unaenda nyumba nyingine. Mimi nikajua hapa nitaokota sura za riwaya bure.

Siku ya pili ya mafunzo, pale Vwawa, dada aliyekuwa mtakwimu wa utafiti alituuliza swali. Watu kumi wameanza dawa Januari. Mwezi wa tatu mmoja anafariki. Mwezi wa tano wawili wanavuka mpaka na hawaonekani tena. Mwezi wa nane anafariki mwingine. Mwaka unaisha. Je, waliomaliza mwaka wakiwa hai ni wangapi kwa mia?

Ukumbi ukagawanyika. Wengine tukasema vifo tunavyovijua ni viwili, basi wamesalia wanane kwa kumi, asilimia 80. Jamaa mmoja wa Ileje, mkali kidogo, akasema asiyeonekana ahesabiwe amekufa, basi sita kwa kumi, asilimia 60. Mwingine akasema wale wawili watupwe nje kabisa tubaki na wanane, sita wazima, asilimia 75. Dada akatuacha tugombane mpaka chai ikaja. Kisha akatuonyesha njia ambayo Edward Kaplan na Paul Meier waliichapisha Marekani mwaka 1958. (Nilichokipenda mimi ni kwamba hawakuwa wakifanya kazi pamoja. Meier alihangaika na wagonjwa wa saratani. Kaplan alihangaika na vifaa vya mitambo ya nyaya za simu chini ya bahari, vitadumu muda gani kabla ya kuharibika. Kila mmoja akapeleka makala yake kwenye jarida lile lile, wakaambiwa waziunganishe. Hebu fikiria wewe na mtu wa mbali mmepeleka riwaya moja kwa mhariri mmoja.)

Njia yenyewe ni hii. Unatembea na tarehe. Mwezi wa tatu walikuwepo kumi, akafa mmoja, wamesalia tisa kwa kumi. Mwezi wa tano wale wawili wanaondoka. Hawajafa, kwa hiyo hupunguzi kitu, ila kuanzia hapo huwaweki tena katika kundi la unaowaona. Mwezi wa nane unaowaona ni saba, anakufa mmoja, wamesalia sita kwa saba. Tisa ya kumi mara sita ya saba, unapata kama asilimia 77. Wale wawili wametoa ushahidi kwa miezi waliyoonekana, na baada ya hapo hakuna anayewasemea. Mtu wa namna hiyo mimi namwita aliyekatizwa. Neno lao la Kiingereza ni lile lile linalotumika serikali ikifyeka maandishi ya mtu, na wenzangu ukumbini walicheka walipoambiwa.

Mimi sikucheka. Nilimfikiria bibi.

Mama mdogo, kitinda mimba wa bibi, alikuwa akifanya kazi katika baa moja ya wenye malori hapa Tunduma. Aliondoka Agosti 2004. Nilikuwa na miaka mitano. Nakumbuka viatu vyake kuliko sura. Alivuka na dereva, wakasema Lubumbashi. Mwaka ule ule dereva mwingine akaleta salamu kwamba amemwona Kasumbalesa, na wa tatu akabisha, akasema si Kasumbalesa, ni Kitwe, tena amekonda. Kisha kimya. Lakini lile neno moja, amekonda, liliingia nyumbani kwetu na halijatoka. Kwa miaka ile, mwanamke wa baa, barabara kuu, amekonda, watu walishaimaliza hadithi wenyewe. Mpango wa taifa wa kutoa ARV bure ulianza Oktoba 2004, miezi miwili tu baada ya yeye kuvuka.

Bibi hakuimaliza. Ukimuuliza habari za binti yake anakuambia mpaka Agosti alikuwepo, alikula hapa, aliniachia kitenge, baada ya hapo mi sijui. Ukimtajia madereva anauliza, "Hao madereva nawajua mimi?" Na ukisema marehemu anakudakia mdomoni: "Nani kakuambia? Hajafa. Hajaonekana." Sisi wajukuu tulisema ni uchungu wa mama. Kumbe bibi, ambaye darasa la nne hakulifika, alikuwa akifanya kile kile cha Kaplan na Meier: anamhesabu binti yake mpaka siku ya mwisho aliyomwona kwa macho, hamwongezi wala hamfupishi.

Nilipoanza kumganda yule dada kwa maswali akanisimulia utafiti mmoja wa huku huku kwetu. Mwaka 2000 mkoa wa Songwe haukuwepo, ulizaliwa 2016. Sote tulikuwa Mbeya. Watafiti waliandikisha wanawake 600 wa baa katika sehemu 17 za mkoa huo, wakawa wanawapima na kuwatibu magonjwa ya zinaa kila baada ya miezi mitatu. Katika vipimo vya mwanzo, kati ya kila wanawake 100, 68 walikutwa tayari wana virusi. Msomaji, irudie namba hiyo taratibu. Mimi niliirudia usiku mzima.

Kwa wale ambao hawakuwa na virusi walihesabu maambukizi mapya, na hapo ndipo penye ufundi, maana mwanamke wa baa hakai. Leo Mlowo, mwezi ujao Mbalizi, mwakani hujui. Basi hawakugawa kwa idadi ya watu, waligawa kwa miaka ya watu. Aliyeonekana miezi mitatu anatoa robo mwaka, aliyeonekana miaka miwili anatoa miwili, unajumlisha yote. Mwanzoni maambukizi mapya yalikuwa karibu 14 kwa kila miaka 100 ya namna hiyo. Baadaye yakashuka hadi 5. Matokeo yalichapishwa 2006. Kama mama mdogo alikuwemo, majina ya washiriki hayatolewi, na ni vizuri hayatolewi.

Nikafurahi kwa ile 14 kuwa 5. Dada akanizima. "Sasa jiulize, mwandishi," (ndivyo alivyoniita, kwa utani) "waliobaki mpaka mwisho ni nani?" Aliyekuwa kwenye hatari kubwa kuliko wote huenda aliambukizwa mapema akatoka kwenye orodha ya wasio na virusi, na huenda ndiye aliyehama wa kwanza. Ukibaki na waliotulia, namba itashuka hata kama hukufanya kitu. Hakusema kwamba ndivyo ilivyokuwa. Alisema mtakwimu asiyejiuliza hivyo aende akauze vocha.

Mfupa wenyewe ni huo. Njia ya 1958 ina sharti: aliyeondoka awe na bahati ile ile ya aliyebaki, yaani kuondoka kwake kusihusiane na ugonjwa. Labda kuna mji wa namna hiyo. Tunduma? Hebu niambieni nyinyi. Mtu wa huku akizidiwa anarudishwa kwao, Ileje au Momba ndani huko, akauguzwe na mama yake. Kliniki inaandika mtoro. Huyo ameondoka kwa sababu anakufa. Mwingine dawa zimemkubali, amenenepa, kashika mtaji, yuko Kongo na biashara ya vitenge. Kliniki inaandika mtoro. Huyo ameondoka kwa sababu amepata nguvu. Kwenye daftari wako mstari mmoja, wino mmoja. Ukiwadhania wote ni kama waliobaki, wa kwanza anakufanya uione dawa ni nzuri kuliko ilivyo, wa pili anakufanya uione mbaya kuliko ilivyo, na wewe huna habari nani ni wengi.

Wala msidhani ni shida ya mipakani tu. Ule utafiti wa Mwanza unaotajwa dunia nzima, uliochapishwa 1995, uliandikisha watu 12,537 katika jamii 12 zilizopangwa mbili mbili, kila jozi upande mmoja ukipata huduma bora ya magonjwa ya zinaa. Baada ya miaka miwili waliopatikana tena walikuwa 8,845, asilimia 71. Maambukizi mapya yalikuwa 1.2 kwa mia kwenye huduma na 1.9 pasipo huduma, na katika jozi zote sita mwelekeo ukawa huo huo. Rusha sarafu mara sita uone kama zote zitaangukia upande uliousema kabla: ni mara moja katika 64. Ndiyo maana watu waliamini, nami naamini. Lakini wale 29 kwa mia bado wananikaa kichwani, kila mmoja alienda mahali fulani.

Dada alisema mara nyingi mpaka tukakariri kwamba hakuna hesabu ya mezani itakayomtenganisha aliyeenda kufa na aliyeenda kutajirika. Lazima mtu avae viatu. Wenzetu wa Mbarara, kusini magharibi mwa Uganda, ndio waliotuonyesha kwamba si lazima umtafute kila mtu. Kliniki yao ilikuwa na wagonjwa 3,628 walioanza dawa, 829 wakapotea machoni. Wakapiga kura, wakachagua 128 tu, wakamtuma mfuatiliaji. Akapata habari za 111, na kati yao 32 walikuwa wamefariki. Karibu 3 kwa kila 10! Sasa fanya hesabu ya darasani tu: kila mmoja aliyepatikana anasimama kwa niaba ya kama saba na nusu, basi katika wale 829 waliofariki ni kama 240. Watafiti wenyewe wanafanya kwa uangalifu zaidi, wakifuata tarehe, ila wazo ni hilo. Kliniki inayoandika vifo vinavyoletwa mlangoni peke yake itajiona hodari.

Basi tukavaa viatu. Nitawapa wawili tu, na nimebadilisha mambo ili asijulikane mtu. Mama mmoja, kliniki ilishamkatia tamaa, tulimkuta ana afya kuliko mimi. Anachukua dawa ng'ambo, kwa jina la marehemu dada yake, kwa sababu huku jirani yake anafagia kliniki ile ile. "Mwanangu, bora nivuke mpaka kuliko nivuke mdomo wa yule," akasema, akanipa karanga. Nikabonyeza jibu la kwanza. Pengine, nyumba ya kupanga huko Sogea, mwenye nyumba akatuambia kijana alikuja kuchukuliwa na kaka yake, kabebwa mgongoni, hata godoro kaliacha. Godoro lilikuwepo bado, limesimamishwa ukutani. Wiki moja baadaye tulifika kwao. Nikabonyeza la tatu. Mama yake alitaka kujua kishkwambi kile kinapeleka wapi habari zile, nikamjibu zinaenda kusaidia wengine, akasema haya.

Usiku ule ndipo niliposhika kwa nini wanasema uzito. Yule kijana kwenye hesabu alikuwa anasimama kwa watu kadhaa waliobebwa hivyo hivyo ambao hatukuwatafuta. Jambo hilo linanikera na kunifurahisha kwa pamoja. Linanikera kwa sababu mtu mmoja hatoshi kuwa watu saba. Linanifurahisha kwa sababu bila hivyo wale wengine wangekuwa sifuri.

Kuna njia nyingine pia, ya Mmarekani Donald Rubin, aliyeiandikia kitabu mwaka 1987. Penye pengo unajaza kwa kukisia kutokana na unayoyajua juu ya watu wanaofanana naye, ila hujazi mara moja. Unajaza mara nyingi, tuseme ishirini, kila mara kwa kisio jingine, unafanya hesabu yako kila mara, halafu unatangaza na wastani na jinsi majibu yalivyoachana. Nilipoisikia nikamwambia dada, hii ndo riwaya sasa! Akakataa katakata. "Wewe unajaza mara moja, halafu unatuapia ndivyo ilivyokuwa. Sisi tunajaza mara ishirini na kukiri kwamba hatujui."

Tulibishana njia nzima kutoka Mlowo mpaka Tunduma, kondakta akawa anatuangalia. Katika kaunta buku yangu ya tatu mama mdogo anafia Lubumbashi, hospitalini, mvua inanyesha, na wenzangu wa kijiweni wanasema sura ile ni kali kuliko zote. Nilimsomea bibi kidogo. Alisikiliza vizuri tu, mpaka pale, akauliza, "Ulimwona?" Nikamwambia bibi, hii ni riwaya. Akarudia, "Nauliza, ulimwona?" Mimi bado nashikilia kwamba riwaya ina haki ya kuua. Takwimu zinaweza kukuambia habari za wanawake elfu waliovuka. Za mmoja hazina neno, dada mwenyewe alikiri. Mmoja ni wetu sisi. Ila nimeongeza sura nyingine mbili za mwisho, moja yuko Kitwe anauza samaki, na sijajua wachapaji watasemaje juu ya kitabu chenye miisho mitatu.

Desemba 2024 tuliitwa kikao cha ukoo Mbozi. Marehemu babu aliacha shamba la kahawa, na kabla hajafa aligawa mistari, kila mtoto na yake, wa kike kwa wa kiume. Mistari ya mama mdogo iko katikati, ndiyo mizuri. Mjomba alikuwa amepata mnunuzi. Naomba mjomba asionekane mtu mbaya. Ana mtoto chuoni, na kahawa ya mistari miwili mitatu haitoshi ada. Lakini ili ile ya katikati iuzwe ilibidi kwanza mwenyewe awe marehemu, tuanue matanga, turithi. Mimi kwa sababu ya mwandiko wangu nikafanywa katibu.

"Miaka ishirini, mpwa wangu," mjomba akasema. "Hata madereva wa Kongo wanarudi. Andika marehemu."

Wazee wawili wakaitikia. Na kusema kweli hoja yake si ya kipuuzi. Ningekuwa na wanawake 600 walioondoka Tunduma 2004 kwa namna ile, bila dawa, nisingetegemea kukuta wengi. Lakini hawakuniuliza juu ya 600. Nikaandika jina lake kamili, nikaandika: "Hajaonekana tangu Agosti 2004." Nikasoma kwa sauti kama katibu anavyotakiwa. Mjomba akasema futa. Nikamwambia mjomba, shikamoo yako naitunza, lakini mimi naandika kilichoonekana. Kama yupo hapa aliyemzika, aseme siku na mahali, nitaandika hata sasa hivi. Hakuna aliyesema. Bibi alikuwa anachambua maharage, hakuinua kichwa.

Muhtasari una sahihi tano, ya mjomba haipo. Mnunuzi aliondoka na pikipiki yake. Msimu wa kahawa wa 2025 bibi aliwalipa vijana wakachuma ile mistari ya katikati, akanituma benki na pesa, nikamuuliza niweke kwa jina gani. Akataja la binti yake. Nikamweleza kwamba benki haifungui akaunti ya mtu asiyekuwepo. Basi ziko kwenye kopo la maziwa chini ya kitanda, na karatasi niliyoiandika mimi, tarehe na kiasi. Mjomba hapokei simu zangu.